Wanawake Hawakami Ng'ombe

Mimi ni mtoto wa msitu. Nilizaliwa Walikale, kwa watu wa muhogo, ndizi na mitego ya nyama, na mpaka naolewa sikuwa nimewahi kumkaribia ng'ombe akiwa hai. Mume wangu alikuja kwetu kufundisha shule ya sekondari. Aliporudi kwao Masisi alirudi na mimi. Asubuhi ya kwanza kwenye kilima cha wakwe zangu nilifungua mlango, nikakuta ukungu umefika hadi kizingitini, na ndani ya ukungu kitu kikubwa kinapumua. Nikafunga mlango tena. Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini.

"Ni ngombe tu," akaniambia. "Iko nakusalimia."

Walikuwa wawili, mmoja mwekundu na mmoja mweusi mwenye baka jeupe usoni. Mweusi alikuwa ameacha kutoa maziwa, anangojea kuzaa. Mwekundu ndiye aliyetulisha. Baba mkwe alimkama mwenyewe kila asubuhi. Mama mkwe alishika ndama, aliosha vyombo, alisukasuka maziwa kwenye kibuyu mpaka siagi ikatoka, na yaliyobaki aliyapeleka kwa jirani anayetengeneza fromaji, yaani jibini. Kazi yote ya maziwa ilikuwa yake, isipokuwa ile ya kuyatoa. Mwanamke akigusa chuchu za ng'ombe, walisema, maziwa yanakauka. Niliambiwa hivyo juma la kwanza nikaitikia, kwa sababu mgeni huitikia. Na moyoni nilifurahi, maana sikuwa na hamu ya kuchuchumaa chini ya mnyama mwenye pembe.

Aliyekuwa hafurahi ni wifi yangu, kitindamimba wa nyumba. Alikuwa anasoma sosiolojia Goma, na kila likizo alirudi na mfuko wa fotokopi na maneno mapya. Baba yake alimngojea kwa hamu. Nadhani hapakuwa na mtu mwingine pale kilimani aliyethubutu kubishana naye, na mzee alipenda ubishi kuliko pombe. Alikuwa akimwekea kiti karibu na chake kabla hata hajatua mzigo.

Likizo ile ninayoikumbuka, tulikuwa tumekaa jikoni kwa sababu ya baridi. Wifi akaanza.

"Papa, nani alisema mwanamuke akikama ngombe maziwa inakauka?"

"Ni desturi."

"Desturi ni kitu yenye bantu banajenga. Ku inivesite tunaita construction sociale. Ni kama jengo."

Baba mkwe alitazama huku na huku. "Jengo? Iko wapi?"

"Haionekane, Papa. Iko mu vichwa ya bantu."

"Sasa nyumba yenye haionekane, unataka niibomoe namna gani?"

Wifi akaeleza. Alieleza vizuri, kwa kweli, habari za kazi za wanaume na kazi za wanawake, nani alizigawa na nani anafaidika, na jinsi mtoto wa kike anavyofundishwa kujiona mdogo kabla hajajua kuhesabu. Mume wangu alikuwa anasahihisha madaftari ya wanafunzi, akajifanya hasikii. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia mkewe.

"Na weye, mama ya batoto? Uko féministe?"

"Mimi niko na maharagwe mu moto," akajibu mama mkwe, akakoroga chungu.

Tukacheka wote, tukala, tukalala.

Siku chache baadaye baba mkwe aliondoka kwenda Goma kutibiwa mtoto wa jicho. Mume wangu alimsindikiza, maana jicho moja lilikuwa limefunga kabisa na la pili lilikuwa njiani. Kabla ya kupanda moto, ile pikipiki ya abiria, mzee alimwomba jirani yetu wa chini awe anakuja kukama. Jirani alikubali. Asubuhi za kwanza alifika mapema, akafanya kazi yake, akanywa kikombe chake, akaenda. Halafu asubuhi moja hakuja.

Tulingoja. Jua lilipasua ukungu, na yule mwekundu akaanza kulia. Kiwele chake kilikuwa kimejaa mpaka ngozi inang'aa. Wifi alishuka kwa jirani, akamkuta anatetemeka kwa malaria chini ya mablanketi. Mkewe akasema tutafute mwanaume mwingine. Wanaume wengine wa karibu walikuwa wameshuka sokoni tangu alfajiri. Tulimwachia ndama anyonye. Akanyonya mpaka tumbo likawa ngoma, akaenda kulala, na kiwele bado kilikuwa kimejaa. Ng'ombe akalia tena, sauti ndefu ya kuomba, akimtazama mama mkwe moja kwa moja.

"Mama," wifi akasema, "tukame siye."

Mama mkwe alikwenda mpaka pembeni mwa zizi akaangalia njia inayoshuka bondeni. Akaiangalia sana. Hapakuwa na mtu. Akarudi.

"Leta kamba," akasema.

Tulifunga miguu ya nyuma kama tulivyoona ikifungwa. Wifi ndiye aliyekaa kwanza, kwa kuwa wazo lilikuwa lake. Alipaka siagi mikononi, akashika chuchu, akavuta kama mtu anayevuta ndoo kisimani. Kamba haikuwa imekaza vizuri. Sikuona mguu ukiruka. Niliona tu wifi yangu amekaa kwenye matope, chombo kimebingirika, na uso wake umejaa mshangao kama wa mtoto aliyeachishwa ziwa.

"Sasa weye," mama mkwe akaniambia. "Desturi yetu haikujue. Jaribu."

Nilikaza kamba, nikakaa. Niliegemeza paji la uso kwenye ubavu wa yule mnyama, na jambo ambalo sikulitegemea ni joto lake. Kulikuwa na baridi kali nje, na ule ubavu ulikuwa na joto kama ukuta wa jiko, na ndani yake kitu kikiguruma taratibu. Hofu ikapungua. Nikafinya. Mchirizi wa kwanza uliingia ndani ya mkono wa blauzi yangu.

"Usivute," mama mkwe alisema, akiwa amemleta tena ndama na kumshika. "Kamata ku juu, finya kushuka. Kidole kwa kidole."

Nikafinya. Yakaingia chomboni kidogo, kidogo, kwa mlio kama wa mtu anayetema mate. Mama mkwe alivumilia. Nikaona miguu yake inahama: mara huku, mara kule. Mwishowe alimkabidhi wifi ndama, akanisukuma kwa nyonga.

"Toka apo."

Alikaa hasa kama anavyokaa mumewe, goti moja chini, chombo katikati ya mapaja. Akapiga mluzi uleule anaoupiga mzee, mluzi wa chini wenye sauti mbili. Sikuwahi kumsikia mwanamke mtu mzima akipiga mluzi pale kilimani. Ng'ombe akashusha pumzi, akatulia. Na maziwa yakaanza kutoka kwa mlio mwingine kabisa, mzito, mfululizo, mpaka povu likapanda. Mikono ya mama mkwe haikuwa na haraka. Mara ilikosea, mchirizi ukaenda pembeni, akaguna, akaendelea. Uso wake sikuuona, ulikuwa umelala kwenye ubavu wa ng'ombe, lakini masikio yake yalikuwa yamepanda juu kama ya mtu anayetabasamu.

Wifi akatoa simu.

"Ukipiga foto," mama mkwe akasema bila kugeuka, "na mimi nitakupiga weye."

Kesho yake tulikama tena, na siku zilizofuata. Jirani alichelewa kupona. Tuliamka kabla watu hawajaanza kupita njiani, na mimi pia nikajifunza, ingawa mpaka leo sina mkono wa mama mkwe. Maziwa hayakukauka. Kila asubuhi mama mkwe alichungulia ndani ya chombo kama anayetegemea kukuta kitu kimebadilika, kisha akayachuja.

Baba mkwe alirudi amevaa miwani nyeusi kubwa, anashuka kwenye moto kama waziri. Alikuwa anaona. Alisimama uani akasoma kwa sauti maandishi ya mfuko wa saruji uliokuwa umetundikwa kwenye ua wa jirani, akacheka peke yake. Tulimpa kiti na maziwa. Hatukuwa tumepatana nani atamwambia nini. Alikunywa, akafuta sharubu, akaomba tena, akanywa.

Ndipo jirani akaingia, bado amekonda.

"Papa, karibu kutoka Goma. Na unisamehe sana, malaria ilinilalisha, nilikama siku kidogo tu. Nani alikuwa anakama?"

Mume wangu alinitazama. Mimi nilitazama sufuria. Wifi alifungua mdomo, lakini mama yake alimtangulia.

"Ni mimi."

"Weye?" akauliza mzee.

"Mimi. Na bibi arusi kidogo. Na uyu mutoto yako, yeye ngombe alimupiga teke."

Mzee alivua miwani. Alichungulia ndani ya kikombe kwa lile jicho jipya, kwa makini, kama mtu anayetafuta nzi.

"Lakini maziwa iko," akasema.

"Njo ile unakunywa."

Jirani alikuwa amesimama na kofia yake mkononi, hajui akae au aondoke. Nilisikia kuku wakichakura nyuma ya nyumba. Baba mkwe alivaa tena miwani.

"Labda ile desturi ilikuwa ya ngombe za zamani," akasema. "Izi za leo iko na damu ya kizungu." Kisha, kana kwamba anatoa habari za mvua: "Docteur amekataza niiname."

Kesho yake mama mkwe alichukua chombo cha kukamia mbele ya macho ya watu wote wa nyumba, na mzee akashika ndama. Yule ndama alikuwa amekua. Alipoona kiwele cha mama yake aliruka, akamburuta mzee kutoka ncha moja ya zizi hadi nyingine, miwani ikining'inia kwenye sikio moja.

"Kumbe uyu iko na nguvu," akasema akihema.

"Na miaka yote ulizani namushika na nini?" akauliza mama mkwe kutoka chini ya ng'ombe.

Jirani, bila shaka, hakukaa kimya. Kabla Jumapili haijafika kilima kizima kilikuwa kimekwisha kujua. Na ilipokuwa zamu yetu kupokea shirika, ile jumuiya ndogo ya majirani wanaosali pamoja nyumba kwa nyumba, watu walikuja wengi kuliko kawaida. Baada ya sala hakuna aliyeinuka kwenda.

Mzee mmoja alianza kwa upole. Alisema dunia ina mpangilio. Leo mwanamke anakama ng'ombe, kesho atapanda juu ya nyumba kuezeka, kesho kutwa nani atazaa? Wanaume wakaguna kumuunga mkono. Wifi akaomba neno. Alisimama katikati ya uwanja, kitenge kimefungwa vizuri, na alizungumza vizuri. Hakutumia maneno ya fotokopi. Alisema usawa si kuwafanya wanawake wawe wanaume, bali mtu asizuiwe na kitu ambacho hakipo. Alisema mama yake alisimama pembeni ya kazi ile maisha yake yote akiwa na uwezo wa kuifanya. Wanawake wakapiga makofi, na mimi kwa nguvu zaidi.

Halafu mke wa jirani, yule yule wa malaria, akainuka. Ni mwanamke mnene, mpole, hasemi mara nyingi.

"Mimi nauliza," akasema. "Asubuhi naamuka, naenda ku maji. Narudi, naenda ku kuni. Naenda mu shamba, narudi, napika, nafua. Bwana yangu yeye anakama ngombe, kisha anaenda kupiga masolo, kuzungumuza tu, na benzake. Sasa munataka nikamate na ngombe. Yeye atabakia na nini? Iyo égalité yenu, inaongeza kazi kwa nani?"

Wanaume ndio waliotangulia kumpigia makofi. Walipiga kwa furaha, mpaka polepole, mmoja baada ya mwingine, wakatambua walichokuwa wanakipigia, na makofi yakafa. Kisha kicheko kikaanza upande wa wanawake, kikaenea, mpaka yule mzee wa mpangilio wa dunia naye akalazimika kufuta machozi. Jirani alicheka kuliko wote. Nadhani hakuwa na njia nyingine.

Wifi hakucheka. Jioni, tulipokuwa tunapukuchua maharagwe, alikuwa bado anafikiri.

"Ile maneno yake iko mu bitabu, wifi," akaniambia. "Niliisoma, nilipita na mutihani yake. Lakini sikukuwa nimeisikia."

"Umeisikia leo."

"Sasa nitafanya nini?"

Nilimwambia awaulize wanaume waliokuwa wanangojea kula. Nilikuwa ninafanya mzaha, lakini aliinuka, akaingia ndani na kuwauliza. Kama mama amechukua ng'ombe, nani anachukua nini? Baba mkwe akasema yeye tayari ana ndama. Wote tukamgeukia mume wangu, mwalimu, ambaye mpaka siku ile alikuwa amefaulu kuishi katika mjadala ule wote bila kusema neno. Akakuna kichwa.

"Nitakamata maji," akasema.

Alianza kesho yake, kabla ya shule, na madumu mawili ya manjano. Mwanzoni alipitia nyuma, kwenye mikaratusi, njia ya kuzunguka ambako hakutani na mtu. Wanafunzi wake walimwona hata hivyo, wakamcheka, wakachoka kumcheka. Baada ya majuma machache niliona anashuka kwa njia kubwa, anasalimia watu huku na huku. Nilimuuliza kama ameshinda haya.

"Haya?" akasema. "Ile njia ingine iko mulefu."

Nisidanganye kwamba kilima chote kilibadilika. Mke wa jirani hakami ng'ombe mpaka leo na hataki. Mumewe siku hizi ninamwona na mzigo wa kuni begani, mara mojamoja, anatembea upesi. Wengine walisema nyumba yetu imegeuzwa miguu juu. Lakini walikuja kunywa maziwa.

Mimi niliicheka sana desturi ile ya wakwe zangu. Nilidhani mambo ya namna hiyo ni ya watu wa ng'ombe, mpaka likizo iliyofuata, nilipokwenda kwetu kuwasalimia wazazi na wifi akaomba tufuatane. Njia ilikuwa imetulia. Tulishuka Sake, tukanunua samaki wa kukaanga Shasha kando ya ziwa, tukalala njiani, na tulipofika Hombo nikaanza kunusa nyumbani, ile harufu ya majani mabichi na moshi ambayo watu wa vilima hawaijui. Wifi alikuwa amefunga macho kwa sababu ya makorongo.

Baba yangu, ambaye ni mwindaji na mtu wa kanisa kwa kiasi kilekile, alichinja kuku kwa ajili ya mgeni. Nilipika na mama. Wakati wa kupakua, mkono wangu ulichukua firigisi, ukaiweka kwenye sahani ya baba. Sikufikiri. Wifi alikuwa ananiangalia.

"Wifi, juu ya nini ile imeenda kwa Papa?"

"Ni firigisi. Kwetu wanamuke hawakuli."

"Wakikula?"

Nilifungua mdomo, na neno lililotoka lilikuwa: "Ni desturi."

Wifi alikunja midomo akatazama paa, mabega yanatikisika. Nikaona aibu, kisha nami nikashindwa kujizuia, tukacheka mpaka baba akauliza kuna nini. Wifi akamweleza, kwa adabu zote, kwa maneno ya polepole, kwamba angependa kujua kama mgeni mwanamke anaweza kuonja.

Baba aliitazama firigisi yake. "Hakuna mwenye aliwahi kuomba," akasema. Alitoa kisu, akaikata vipande vinne kwa uangalifu mkubwa, akampa wifi kimoja, mimi kimoja, akamnyooshea mama kimoja.

Mama akakataa.

"Mama, kula," wifi akasema. "Iko haki yako."

"Asante, mutoto wangu. Mimi napenda mugongo."

"Onja tu."

"Nilishaonjaka," mama akasema akichambua mgongo wake wa kuku. "Kwetu, mbele ya kuolewa, nilikuwa napika kuku ya baba yangu. Iko inatafunika kama mupira. Njo maana sikukuwa natafuta shida."

Baba aliacha kutafuna.

"Ulikulaka firigisi?"

"Kidogo kidogo."

"Na miaka yote iyi ulinyamaza?"

"Weye ulikuwa unaipenda," mama akasema, akamwongezea mchuzi.

Mvua ilianza kupiga bati, ile mvua ya kwetu isiyobisha hodi. Wifi alikuwa anatafuna bado, mashavu yanafanya kazi, macho yanasema mama hakusema uongo. Mimi nilikula kipande changu, nikala na cha mama.